Binti amepewa dawa ya minyoo mara tatu lakini harefuki: tatizo liko wapi?

Mama Neema, Ihumwa (16 Januari)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaishi Ihumwa, nje kidogo ya katikati ya Jiji la Dodoma, na ninaomba mnisaidie kufikiri juu ya binti yangu wa pili, ambaye alitimiza miaka miwili juma lililopita. Tangu aanze kliniki sijakosa hata mwezi mmoja. Uzito wake sasa ni kilo 9.6, na kila ninapompeleka alama yake huwekwa kwenye eneo la kijani la kadi, ninaambiwa mtoto anaendelea vizuri, tunarudi nyumbani. Kilichonishtua ni sikukuu za mwisho wa mwaka, tulipokusanyika kwa dada yangu. Mtoto wake, aliyezaliwa wiki tatu baada ya wangu, alisimama na mwenzake mlangoni wakigombea kikombe, nikaona utosi wa binti yangu umeishia usawa wa macho ya mdogo wake.

Niliporudi kliniki nikaomba apimwe urefu, jambo ambalo sikumbuki kama liliwahi kufanyika tangu azaliwe. Ubao wa kupimia ulitolewa stoo ukiwa na vumbi, mtoto akalazwa juu yake, ikasomeka sentimita 79.

Dawa ya minyoo amepewa Juni na Desemba, pamoja na matone ya vitamini A, na mwezi Septemba nilimnunulia kidonge kingine dukani kwa sababu tumbo lake lilikuwa limejaa. Sijawahi kuona mnyoo hata mmoja kwenye choo chake. Haharishi kwa maana ya kukimbizana na nepi, ila choo chake huwa laini, kina harufu kali isiyo ya kawaida na kina mafutamafuta, kiasi kwamba hung'ang'ania kwenye poti hata nikimwagia maji. Nikizubaa ninamkuta anakwangua udongo wa ukutani na kula. Mama mkwe wangu anasema hilo ni chango na ameshanichemshia mizizi mara mbili. Mume wangu anasema ufupi ni wa ukoo wao na nisihangaike. Maji tunakinga bombani yanapotoka, na yakikatika tunanunua ya madumu kwa mwenye mkokoteni. Tuna kuku sita na mbuzi watatu ambao hulala uani.

Ninachouliza ni hiki: minyoo inaweza kumzuia mtoto kurefuka hata baada ya dawa mara tatu? Na je, nimpe sasa kila mwezi?

Babu wa Bahi (16 Januari)

Pole sana, mwanangu. Mimi nimelea watoto saba na wajukuu wengi zaidi ya hapo, na dalili unazozieleza, yaani tumbo kujaa na kula udongo, kwetu zilikuwa na jina moja tu, minyoo. Tulikuwa tunakausha mbegu za papai, tunazisaga na kuwapa watoto asubuhi kabla hawajala chochote, na waliokuwa nayo ilitoka. Mimi ningempa dawa kila mwezi mpaka tumbo lishuke. Mambo ya kusema dawa imetosha wakati tumbo bado limejaa siyaelewi.

Muuguzi Mstaafu, Mpwapwa (16 Januari)

Shikamoo Babu, na habari za kwako Mama Neema. Nimefanya kazi ya kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, na naomba nianze na kadi, kwa sababu ndipo ulipopotezewa muda. Eneo la kijani ulilokuwa ukionyeshwa ni la uzito kwa umri. Mtoto mfupi mwenye mwili ulioshiba kadiri ya ufupi wake anaweza kukaa kwenye kijani hicho miaka yote miwili bila mtu kugundua chochote, kwa maana mizani haijui kama kilo hizo zimejaza mwili mrefu au mfupi. Kwa msichana wa miezi 24 anayepimwa akiwa amelala, urefu wa kati ni sentimita 86.4, na mpaka ambao chini yake mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa ni sentimita 80.0. Binti yako ana 79, kwa hiyo amevuka mpaka huo kwa sentimita moja. Kilo zake 9.6 ni kweli ziko salama, kwani mpaka wa uzito kwa umri wake ni kilo 9.0. Wote waliokupa taarifa ya uzito hawakukudanganya. Walikuwa wanapima kitu kimoja na kukiita afya.

Hauko peke yako katika hili, ingawa najua haikufariji. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015-16.

Kuhusu ukoo, mume wako hajakosea kabisa, kwani urefu wa mtu mzima hurithiwa kwa sehemu kubwa. Lakini viwango vya kadi vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, na walipokuwa wamelishwa na kutunzwa vizuri, wadogo hao walirefuka kwa kufanana mno bila kujali walikotoka. Katika umri wa miaka miwili, ukoo ni jibu la mwisho kutolewa na si la kwanza.

Dawa ya minyoo kila mwezi hapana, Babu, naomba uniwie radhi. Utaratibu wa nchi ni mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, kwa watoto wa miezi 12 hadi 59. Wa chini ya miaka miwili hupewa albendazoli miligramu 200, yaani nusu ya kidonge cha 400, na wa miaka miwili na kuendelea hupewa kizima. Mtoto aliyekwisha kupewa mara tatu ndani ya mwaka na bado hali ni ile ile hahitaji kidonge cha nne kwa kubahatisha. Anahitaji kupimwa choo ili ijulikane kilichomo. Na kwa wazazi wengine watakaosoma hapa: kidonge cha mtoto mdogo hupondwa na kuchanganywa na maji. Mtoto anayelia na kugeuza kichwa asibanwe pua na kulazimishwa kumeza, kwa sababu wapo waliopaliwa na kupoteza maisha kwa namna hiyo.

Hadubini (17 Januari)

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Dodoma, na swali la Mama Neema ni kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa kirefu.

Jina «minyoo» tunalitumia kwa wadudu wengi wasiofanana. Mnyoo mkubwa wa mviringo ambao Babu alikuwa akiuona ukitoka, jike lake hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, lakini mayai hayo hayamdhuru mtu yakiwa mabichi. Yanahitaji wiki 2 hadi 4 kwenye udongo wenye unyevu na kivuli ndipo yakomae. Minyoo ya safura nayo hutegemea udongo wenye unyevu, ambamo lava wake, yaani watoto wa mnyoo, husubiri mguu usio na kiatu, wapenye ngozi na hatimaye wafike utumbo mwembamba kunyonya damu. Sasa tazameni Dodoma yetu. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili au karibu na hapo, na baada ya hapo jua linakaanga udongo miezi saba mfululizo. Mayai na lava hawa hufa kwa ukavu na joto. Ndiyo maana mtu aliyefanya kazi maabara za Pwani au Kanda ya Ziwa akihamia Dodoma hushangaa anavyotazama slaidi nyingi bila kukutana na yai la mnyoo wa mviringo. Sisemi haimo kabisa. Bustani za umwagiliaji na kingo za mabwawa zina hali yake, na kwenye mabwawa kuna kichocho vilevile, ambacho albendazoli haikitibu. Lakini kwa mtoto wa Ihumwa mwenye choo cha mafuta ambaye ameshapewa albendazoli mara tatu, ningeweka minyoo hiyo mwishoni mwa orodha.

Mwanzoni ningeweka giadia. Hiki ni kimelea cha chembe moja, hakionekani kwa macho, hakitoki kikatambaa kwenye poti, na hakihitaji udongo kukomaa: kinatoka kwa mtu kikiwa tayari kumwambukiza mwingine, kwa maji, kwa mikono, kwa kikombe kimoja cha watoto wawili. Idadi ndogo sana, hata kumi, inatosha kuanzisha maambukizi. Ndani ya utumbo mwembamba hujibandika kwenye ukuta kama vifungo kwenye shati, na pale kilipojaa, vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula hufupika, mafuta na sukari ya maziwa hupita bila kufyonzwa. Ndiyo asili ya choo kinachong'ang'ania poti, Mama Neema. Mtoto anaweza kukaa nacho miezi bila kuharisha kwa namna ya kumtisha mtu. Dozi moja ya albendazoli, ile inayotolewa Juni na Desemba, haikiondoi.

Ukienda kupima, naomba uzingatie mambo machache, kwa sababu majibu mengi ya «hakuna kilichoonekana» huharibiwa kabla sampuli haijafika kwangu. Bado tunaletewa choo kwenye kiganda cha kiberiti, kilichofungwa kwa uzi, baada ya safari ya saa mbili kwenye daladala. Kiganda kinanyonya maji, choo kinakauka, na kilichokuwa hai humo kinakufa kikiwa hakitambuliki. Chukua kikopo maabara siku moja kabla, mpatie mtoto poti safi isiyo na mkojo wala maji ya kuoshea, na choo laini kifike ndani ya nusu saa kikiwa bado na joto. Giadia anayeogelea ukimwona mara moja humsahau: ana umbo la pea iliyopasuliwa katikati, viini viwili vinavyofanana na macho yanayokutazama, na husogea kwa kuyumbayumba kama jani linaloanguka mtini pasipo upepo. Akipoa, hatulii tu, anaharibika. Pili, kimelea hiki hakitoki kila siku. Omba vipimo vitatu kwa siku tofauti, hata kama mtu wa mapokezi atakuambia kimoja kinatosha.

Kula udongo kunaweza kumletea mayai ya minyoo, ndiyo, lakini mara nyingi huwa ni alama ya upungufu wa madini ya chuma. Apimwe na wingi wa damu siku hiyo hiyo.

Babu wa Bahi (17 Januari)

Nimesoma mara mbili. Nakubali kwamba sijaona papai likipimwa na hadubini. Niulize jambo moja tu: kama kinakuja kwa maji, dawa ile ya klorini inayotiwa kwenye ndoo haikiui?

Hadubini (17 Januari)

Swali zuri, Babu. Giadia akiwa nje ya mwili hujifunga ndani ya ganda, na akiwa humo huvumilia maji baridi kwa majuma kadhaa, na klorini ya kiasi cha nyumbani haiaminiki dhidi yake ingawa huua bakteria vizuri. Kitambaa cha kuchujia nacho hakimzuii. Ni mdogo kuliko matundu yake. Kuchemsha ndiko kunakomuua bila shaka. Maji yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha, hakuna haja ya kumaliza mkaa wa watu. Kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au koki, kwa sababu kikombe kinachochovywa na mkono wa mtoto ndani ya ndoo hurudisha kila kitu.

Mama Neema, Ihumwa (24 Januari)

Nawashukuru nyote, na nimerudi na majibu. Sampuli ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili vivyo hivyo, na nikakaribia kuacha, kwa sababu kila safari ni nauli na nusu siku. Ya tatu, niliyoifikisha nikiwa nimeishika kwapani chini ya khanga ili isipoe, wakamwona giadia. Hapakuwa na yai la mnyoo wowote katika zote tatu. Wingi wa damu yake ni gramu 9.8 kwa desilita. Daktari amempa metronidazoli ya maji kwa siku tano, dozi imekokotolewa kwa kilo zake, na dawa ya kuongeza damu baada ya hapo. Ile ya kwanza ni chungu ajabu. Siku ya pili aliitema ukutani na nikampa tena.

Sasa nina matumaini, lakini ninaogopa kuyapandisha mno. Kimelea kikiisha, binti yangu atarefuka na kuwafikia wenzake?

Msomi wa Makulu (25 Januari)

Dada, ninasomea afya ya jamii na suala hili ndilo ninaloliandikia, hivyo nitakujibu kwa uwazi hata pale ambapo jibu halipendezi.

Ushahidi kwamba giadia inahusiana na ufupi tunao, tena umekusanywa karibu na kwetu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto wa nchi nane walifuatiliwa tangu kuzaliwa katika utafiti uitwao MAL-ED, na kituo cha Tanzania kilikuwa Haydom, mkoani Manyara. Choo chao kilichukuliwa kila mwezi, wawe wanaharisha au la. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliokuwa na giadia, pamoja na bakteria kama shigela na kampilobakta, walikuwa wafupi zaidi walipofikisha miaka miwili, hata pale ambapo hawakuharisha. Yaani maambukizi ya kimyakimya, kama ya binti yako, yaliambatana na kupungua kwa urefu.

Kwa kuyaona hayo, watafiti wa Haydom walifanya ambalo kila mmoja wetu angelifikiria: wakatibu. Watoto 1,188 waligawanywa katika makundi, wengine wakapewa dawa halisi za kuua bakteria na vimelea, azithromaisini na nitazoksanaidi, kwa vipindi kabla ya kufikisha mwaka mmoja na nusu, wengine wakapewa dawa bandia, yaani isiyo na kiini cha dawa, ili walinganishwe. Walipopimwa wakiwa na miezi 18, urefu wa makundi hayo haukutofautiana. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza nilidhani nimekosea jedwali.

Maana yake si kwamba umefanya bure kumtibu. Binti yako alikuwa na dalili, alipimwa, kimelea kikaonekana. Mtu wa namna hiyo hutibiwa, na anaweza kupata nafuu ya choo, ya hamu ya kula na ya tumbo. Hata kwa minyoo ya kawaida ndivyo ilivyo: watoto waliopimwa na kukutwa nayo huongezeka uzito wakitibiwa, ila kidonge kikigawiwa kwa watoto wote bila kupimwa, wastani wa urefu wao haubadiliki sana. Maana ya utafiti wa Haydom ni kwamba dawa hufukuza mpangaji, wala haijengi nyumba aliyoibomoa, na mlango ukiwa wazi mpangaji mwingine anaingia. Huko Lima, Peru, watoto waliotibiwa giadia katika mtaa wenye maambukizi mengi walifuatiliwa, na ndani ya miezi sita takriban wote, asilimia 98, walikuwa wameambukizwa upya.

Nilidhani basi suluhisho ni maji na vyoo. Kenya magharibi, huko Bungoma, Kakamega na Vihiga, familia zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawia na klorini, na bado watoto hawakurefuka zaidi ya wengine. Waliopewa nyongeza ya lishe na mafunzo ya kulisha ndio walioongezeka, na ongezeko lenyewe lilikuwa dogo. Kwa hiyo ukiniuliza ulinganishe shilingi yako ya kuongeza kidonge na shilingi ya kuongeza yai, mimi ningenunua yai.

Karanga na Ubuyu, Kongwa (25 Januari)

Msomi amenifungulia njia, nami ni afisa lishe. Mama Neema, hukusema binti anakula nini, na ninakisia: uji asubuhi, ugali na mlenda mchana, na kilichobaki usiku. Chakula hicho hakina ubaya, tatizo ni kwamba uji wa mtoto wetu wa Dodoma ni mwepesi mno. Uji ukimiminika kama chai kutoka kwenye kijiko, mtoto hujaza tumbo lake dogo kwa maji na kuacha kula akiwa hajapata nguvu ya kutosha hata ya kucheza. Chukua kijiko, kichovye, kiinue. Uji wa mtoto wa miaka miwili unapaswa kukaa juu ya kijiko na kudondoka kwa uzito. Tia karanga zilizosagwa wakati wa kuivisha, na unga wa ubuyu ukishaepua, maana ubuyu una vitamini C inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na moto mkali unaiharibu. Milo iwe mitatu au minne kwa siku na vitafunwa kati yake. Katika hiyo, mmoja uwe na kitu cha mnyama kila siku: yai, dagaa waliosagwa, maziwa yaliyochemshwa, nyama ikipatikana. Wewe una kuku sita. Katika nyumba nyingi ninazotembelea, mayai yanauzwa sokoni na hela yake inanunua biskuti za mtoto.

Karanga zichague moja moja kabla ya kusaga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, wala zisipewe kuku. Sisi wa Dodoma na Manyara tuna sababu ya kuogopa sumukuvu. Mwaka 2016 tulizika watu kwa mahindi yenye sumu hiyo, na kwa watoto wadogo kiasi kidogo cha kila siku kinahusishwa pia na kutorefuka.

Halafu kuku wenyewe. Mwandishi wetu wa maabara amesema juu ya maji, mimi nitasema juu ya uwanja. Siku moja kaa kwenye kigoda nusu saa na uhesabu ni mara ngapi mkono wa mtoto unatoka chini kwenda mdomoni. Nilifanya hivyo katika nyumba moja hapa Kongwa, mama akiwa ananishangaa, nikaacha kuhesabu nilipofika arobaini. Kuku walikuwa wanatembea hapo hapo, na mtoto alikuwa ameokota kitu ambacho mama alidhani ni jiwe. Kinyesi cha kuku hubeba kampilobakta iliyotajwa na Msomi. Hujaambiwa uuze kuku; wajengee banda la fito, na mtoto mtandikie mkeka au turubai linalooshwa, awe na mahali pake pa kukaa. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kimoja karibu na choo, kingine karibu na jiko. Na wengine wote wa nyumbani, hasa dada yake Neema kama ndiye anayemlisha, wapimwe choo, kwa sababu huenda kimelea hicho kilitoka kwenye kikombe chake.

Mama Neema, Ihumwa (26 Januari)

Umekisia vizuri mpaka nikacheka, isipokuwa usiku huwa ni chai na mkate. Neema nitampeleka Jumatatu. Mama mkwe ameamua mizizi ibaki yake na amechukua kazi ya kukwangua ubuyu.

Mama Neema, Ihumwa (19 Aprili)

Ninarudi kama nilivyoahidi, na nimechanganyikiwa kidogo. Neema naye alikutwa na giadia, akatibiwa. Choo cha mdogo wake kimebadilika tangu wiki ya pili baada ya dawa, na hashiki tena udongo wa ukutani. Damu imepanda hadi 11.2. Kuku wana banda, ingawa jogoo halikubali. Uzito umefika kilo 10.5. Lakini leo wamempima urefu akiwa amesimama, imesomeka 80.6. Miezi mitatu, sentimita 1.6 tu! Nilikuwa nimeshaanza kufurahi, sasa sijui nisemeje.

Muuguzi Mstaafu, Mpwapwa (19 Aprili)

Mama Neema, usikate tamaa kwa sababu ya ubao. Januari alikuwa hajapita miaka miwili ila kwa siku chache, wakampima akiwa amelala. Sasa amepita, wanampima akiwa amesimama, na mtoto yule yule akisimama husomeka mfupi kwa takriban sentimita 0.7 kuliko akiwa amelala. Ongeza hizo kwenye 80.6 upate 81.3, kisha utoe 79. Amerefuka sentimita 2.3 katika miezi mitatu, ambayo ndiyo kasi ya msichana mwenye afya wa umri wake. Bado yuko chini ya mpaka, kwa kuwa mpaka nao unapanda kadiri anavyokua, lakini ameacha kubaki nyuma zaidi. Mwombe muuguzi aandike kwenye kadi neno «amesimama» pembeni ya namba hiyo, na ya Januari aiandikie «amelala», ili atakayempima Julai asije akakuchanganya tena.